Nyongo ya Mnyama na Ugonjwa Unaosingiziwa Nyongo

Wafugaji wa Kitale na Bungoma wajua vema jinsi nyama inavyokuwa chungu mchinjaji akipasua kifuko cha nyongo kwa kisu. Lakini kazi ya kifuko hicho haijulikani kwa wengi.

Nyongo hutengenezwa na ini. Kifuko, kilichoshikamana na ini, ni ghala tu: huiweka nyongo, huipunguza maji hata ikawa nzito, na mnyama alapo hujikaza na kuimwaga katika utumbo mwembamba. Huko huyavunja mafuta ya chakula yawe matone madogo, mwili upate kuyatumia.

Ng'ombe, kondoo, mbuzi, nguruwe, mbwa, paka na kuku wanacho kifuko hicho. Farasi, punda na ngamia hawana; nyongo yao hutoka katika ini moja kwa moja hadi utumboni. Basi mtu akimpasua punda asikione, asidhani kuna uchawi.

Jambo kubwa ni hili. Ng'ombe afapo kwa ndigana baridi, mara nyingi kifuko huonekana kimevimba, kimejaa nyongo nzito. Mwenye mali husema, "Nyongo imemwua." Sivyo. Vijidudu vya ugonjwa huo, alivyovieleza Arnold Theiler katika Afrika Kusini mwaka 1910, hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huharibiwa kwa wingi, na ini hugeuza masalio yake kuwa rangi ya nyongo. Tena mnyama mgonjwa hali, na asiyekula kifuko chake hakimwagiki. Hata ng'ombe mzima aliyeshinda na njaa hujaa nyongo.

Kwa hiyo ampaye ng'ombe dawa ya kuharisha ili "atoe nyongo" hupoteza siku ambazo angeweza kumwokoa. Mfugaji na atazame dalili mapema: homa, maziwa kupungua, choo kigumu, ufizi kuwa mweupe au wa manjano. Akiziona amwite daktari wa mifugo bila kukawia, kwani dawa ipo, nayo hufaa zaidi ikiwahi.

Ugonjwa huo huenezwa na kupe, na nzi wanaouma, na hata sindano au kisu cha kukatia pembe kisichosafishwa. Josho la kila mara na vyombo safi ndiyo ngao ya zizi. Ng'ombe mmoja wa maziwa ni karo ya watoto. Kinga ni bora kuliko tiba.