Kaye ya Mashairi na Bati la Nyumba
(Mazungumzo ku mkutano wa wanachama, Runingu)



Ku mkutano uliopita mzee wetu mmoja aliuliza: namna gani feza ya chama inunue kaye za mashairi, wakati kuko wanachama ambao bado wanalala chini ya shitingi? Swali hilo ni la haki, na mliniomba nilijibu.

Mimi kazi yangu ni kuandika watu. Nikifika kwako nakuuliza: nyumba ilibomoka? Mbuzi walikuwa wangapi? Shamba lako sasa analima nani? Lakini fishi yangu haina mstari wa kuandika kwamba ulizika mtoto kule Lugufu na kaburi limebaki peke yake. Mama mmoja alijibu maswali yangu yote, kisha akafungua kaye yake na kunisomea shairi la msiba alilonakili kambini. Alisoma mpaka mwisho bila kulia. Akasema: “Ya kwangu siwezi kusema. Hii naweza.”

Basi, mzee, jibu langu liko pale. Mtu anaazima mdomo wa mwingine. Shaaban Robert, mtu wa Tanga, alimtungia shairi mke wake Amina aliyefariki. Runingu hakuijua. Lakini mjane wa hapa akilisoma, pale pa Amina anaweka jina la mume wake. Na Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858, aliugua, akamtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Wasichana wetu wanabishana naye sana, wanasema ile ya kumtii bwana imezidi (na mimi niko upande wao). Ila mama anayeona siku zake zinaisha, anatafuta kitu cha kumwachia mtoto: hapo wote wananyamaza.

Tena kuko jambo la kukimbia. Mwaka 1996 wengi tulivuka ziwa mikono mitupu. Shairi la kimapokeo lina vina, na kwa kawaida kila mshororo mizani 16, nane na nane, ndiyo maana halipotei haraka. Kaye ikilowa, mdomo unaandika upya. Wazee wetu walifanya hivyo kwa nyimbo za Kifuliiru, na kaye hawakuwa nayo.

Sisemi shairi linashinda bati. Mvua ikinyesha, ni bati tu. Lakini kaye chache hazifikii bei ya bati moja, na wamama wanaokuja kusoma Jumamosi ndio haohao wanaokwenda kukaa ku matanga ya wengine.

Shida yetu ni vitabu. Mashairi ya Kiswahili yaliyochapwa ni haba sana huku kwetu. Wafadhili, mkipata nafasi ya kutuma kitabu, kisiwe cha Kifaransa tu. Na wewe mwenye kaye ya kambini, usiifungie sukari. Ilete Jumamosi, vijana wainakili.