Vyombo vya Kuzamia Vilivyotumika: Tuvichunguze Mbele ya Kulipa

(Maneno tuliyotoa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)



Kwenye mkutano uliopita mulituuliza: zile dola 600 za kikundi cha vijana wazamiaji ziko wapi, mbona hata chupa moja ya hewa haijafika? Leo tunajibu. Pesa nyingi zingali kwenye sanduku, na tutaeleza ni juu ya nini.

Vijana hawa walirudi kutoka kambi za Tanzania wakakuta mashamba ya wazazi yanalimwa na wengine. Ziwa ndilo lililowabakia. Samaki wadogo wa rangi wa Tanganyika hununuliwa Ulaya na Marekani, wanafugwa ndani ya vioo, na kuwakamata ni lazima kuzama. Mtu mmoja akatuambia ana seti mbili za kuuza. Tukaenda nao kuziangalia.

Tulianza na chupa. Chupa iliyojaa hubeba hewa ya bar 200 hivi. Tairi ya gari ni 2 na kitu. Ikipasuka ni bomu. Ndiyo maana shingoni mwake hugongwa mwezi na mwaka wa jaribio la mwisho, ambapo huijaza maji na kuisukuma kwa nguvu kupita ile ya kazi. Marekani na Uingereza jaribio hilo ni kila miaka 5. Moja ya zile chupa ilikuwa na alama ya 2009. Ya pili ilikuwa na rangi mpya nzito, alama hazisomeki. Muuzaji akasema, "Hii iko nzima kabisa, kwanza tazama rangi." Ndugu zetu, rangi mpya si afya mpya. Na kama ni ya aluminiamu ya Marekani ya kabla ya 1988, ogopeni zaidi: nyingi zilitengenezwa kwa aloi 6351, ambayo hupata nyufa shingoni.

Halafu mdomo wa kupumulia. Funga hewa, weka mdomoni, vuta. Hewa ikiingia, kuna tundu. Tazama kile kichujio kidogo pale unapofungwa kwenye chupa: kikiwa chekundu, kutu ya chupa imeingia, kikiwa kijani, maji yameingia. Kunja mipira karibu na vyuma, nyufa zitajionyesha. Mshale wa kipimo usiporudi kwenye sifuri hewa ikiisha, usiuamini. Sasa fungua chupa, vuta pumzi ukitazama mshale: ukichezacheza kila pumzi, hewa haipiti vizuri.

Jile ndiyo rahisi. Ijaze mpaka iwe ngumu, ilaze usiku mzima. Asubuhi ikiwa laini, inavuja.

Muuzaji hakupenda tulale na jile yake, lakini alikubali. Jile moja ilipona, nyingine ikanywea. Tulinunua ile nzima, miwani miwili na jozi mbili za mapezi, jumla dola 140. Chupa na midomo tuliviacha. Zimebaki dola 460, na risiti ziko kwa mtunza sanduku.

Kijana mmoja alitukasirikia. Akasema, "Wakubwa, nyinyi muko na mshahara, sisi tunalala njaa." Maneno yake ni ya kweli, hatukuyakataa. Lakini mita 10 chini, mtu akipanda huku ameshika pumzi, hewa ya mapafuni hutanuka karibu mara mbili na kuyapasua. Tena ziwa letu liko juu ya bahari kwa mita 770 hivi, kwa hiyo hata jedwali za kupanda za baharini hazitufai bila kurekebishwa. Na kompreseri inayovuta moshi wa injini yake yenyewe hujaza chupa sumu isiyo na harufu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wanachama, kubalini sehemu ya zile 460 ilipe kwanza mafunzo ya vijana wawili, chupa baadaye. Wafadhili, mukituma vyombo, tumeni na karatasi ya jaribio.

Haraka haraka haina baraka, na sisi watu wa Baraka tungepaswa kuwa wa kwanza kuisikia.