MWALIMU NAYE ANA SAA ZAKE
Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu, Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba

 

Kambi yetu ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994. Mwaka huo huo UNESCO ilianzisha siku hii tunayoiadhimisha. Tarehe 5 Oktoba ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo, mwaka 1966, mkutano wa serikali mbalimbali uliokutana Paris ulipitisha Pendekezo kuhusu hali ya walimu, la UNESCO na Shirika la Kazi Duniani. Nilisoma habari zake chuoni, nikajibu mtihani, nikasahau. Nimelikumbuka hapa kambini kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nataka kulieleza mbele yenu.

Wengi mnanijua. Nilikuwa nikitoka darasani napita kwa jirani kumwandikia barua. Nikifika nyumbani nakuta watu wawili wananingoja na fomu. Usiku naitwa zahanati kutafsiri, maana mhudumu anasema Chichewa na Kiingereza, na mgonjwa anajua Kiswahili tu. Sikukataa hata mara moja. Niliona haya. Nilijiambia kwamba mkimbizi aliyesoma akimkataa mkimbizi asiyesoma, elimu yake haina maana. Madaftari ya wanafunzi niliyafungua saa nne usiku, kwa tochi.

Muhula mmoja nilisahihisha mtihani wa hesabu kwa namna hiyo. Mvulana mmoja alipata 68, mimi nikaandika 38. Matokeo yakasomwa. Baba yake akaona shule imemshinda mtoto, akampeleka kufyatua matofali. Zikapita wiki tatu. Ndipo dada yake akaniletea ile karatasi: "Mwalimu, tumejumlisha mara mbili." Mimi nikajumlisha mara ya tatu. Jioni ile nilikwenda kumwomba radhi mzazi, mtoto naye amesimama pale, mikono imejaa udongo. Alirudi shuleni, lakini masomo ya wiki tatu sikuweza kumrudishia yote.

Ndugu zangu, mtoto yule aliumizwa na mwalimu aliyeshindwa kusema "njoo kesho". Mshika mbili moja humponyoka; mimi nilishika tano.

Lile Pendekezo la 1966 linasema saa za kazi za mwalimu zipangwe kwa kushauriana na vyama vya walimu. Linasema pia kwamba katika kupanga vipindi izingatiwe idadi ya wanafunzi, muda wa kutayarisha masomo na kupima kazi zao, hata muda wa kushauriana na wazazi. Maana yake, kutayarisha na kusahihisha ni kazi kamili, isiachiwe masalio ya usiku.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, nami nawaomba walimu wenzangu waufikirie.

Kwanza, nasahihisha shuleni, vipindi vikiisha, mpaka saa kumi alasiri. Kwa kuwa darasa ni kubwa, natoa maswali matano badala ya kumi, na imla watoto hubadilishana madaftari wakasahihishana mbele yangu.

Pili, barua na fomu ni Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye baraza ya shule.

Tatu, siku ya ibada ni ya ibada na ya watoto wangu.

Nne, sipokei mwanafunzi aliye peke yake nyumbani kwangu kwa ajili ya masomo, wala sipokei fedha kutoka kwa mtoto ninayemtungia mtihani. Mpaka huu unamlinda mtoto kwanza, halafu mimi.

Lakini hatari haina saa. Mtoto aliyepigwa, aliyefukuzwa nyumbani au mwenye homa kali, aje hata usiku wa manane. Nitafungua mlango, nitamwita mke wangu na jirani, na pamoja tutampeleka panapohusika.

Wapo wanaosema nimepata kiburi. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, siku hizi una ofisi?" Nikamjibu, "Mama, nina watoto wako watatu darasani." Akacheka. Alhamisi akaja na fomu yake.

Kwa Kamati nina maombi mawili. Vijana waliomaliza sekondari tunao. Wapangiwe zamu ya kuandika barua na kutafsiri zahanati. Na ratiba ya shule inapotengenezwa, walimu waitwe watoe maoni kabla haijabandikwa ukutani.

Kwenu wazazi nina ombi moja. Alama ya mtoto ikiwashangaza, njoni mniulize kabla ya kumtoa shule. Mwalimu naye hukosea, hasa akichoka.