Nafuu Siyo Kupona



Ni maradhi machache yanayofichwa kama maradhi ya zinaa. Mgonjwa huyaficha anapoumwa, huyaficha anapotibiwa, na aghalabu huendelea kuyaficha baada ya tiba. Siri ya kwanza humdhuru mwenyewe. Siri ya mwisho humdhuru mwenzake.

Mwanamume mwenye kisonono huenda zahanati kwa kuwa anatoka usaha na mkojo unamchoma. Hupigwa sindano, hupewa vidonge, na baada ya siku chache maumivu hutoweka. Hapo hujihesabu kuwa mzima, akarejea kwa mwenzake. Hilo ni kosa. Kutoweka kwa maumivu ni dalili kwamba dawa imeanza kazi. Siyo ushahidi kwamba kazi hiyo imekwisha. Vijidudu vilivyosalia vyaweza kumfikia mtu mwingine.

Ndiyo maana waganga huwaagiza wenye kisonono au klamidia wajizuie kujamiiana kwa siku 7 baada ya dozi ya mara moja, au mpaka wamalize vidonge vya siku 7, na dalili zote ziwe zimeondoka. Mwenye kaswende, hata akisha pigwa sindano ya penisilini, hana budi kungoja vidonda vyake vipone kabisa.

Lakini siku 7 hazitafaa kitu iwapo mwenzi hajatibiwa. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote. Mume anayetibiwa kwa siri humwacha mkewe na ugonjwa, kisha huupokea upya kutoka kwake, kwa sababu tiba ya leo siyo kinga ya kesho. Maradhi huenda na kurudi kama mtumbwi kati ya ng'ambo mbili. Wakati huo mirija ya uzazi ya mwanamke yaweza kuharibika, na mtoto anayezaliwa aweza kuambukizwa macho hata akapofuka. Ni dhuluma iliyoje, basi, mwanamke kusimangwa kwa utasa ambao chanzo chake kilifichwa na mumewe!

Faida ya tiba iliyo kamili imekwisha kuonekana nchini Tanzania. Kati ya mwaka 1991 na 1994, utafiti ulifanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika jamii 6, watumishi wa afya walifunzwa kutibu maradhi ya zinaa ipasavyo na dawa zikapatikana bila kukatika. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI huko yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40, yakilinganishwa na jamii 6 nyingine.

Hata hivyo, wajibu hauwi wa mgonjwa peke yake. Mwanamke anayetangulia kutibiwa mara nyingi hutuhumiwa kuwa ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani, naye huogopa kusema. Kwa hiyo mtumishi wa zahanati hana budi kutunza siri, kutomkebehi mgonjwa, na kumsaidia kumwita mwenzake bila kuzusha ugomvi.

Anayetibiwa na akanyamaza amejitibu nusu. Aliyepona kweli ni yule aliyemaliza dawa, akangoja siku zake, na akahakikisha kwamba mwenzake naye ametibiwa.