Huzuni ya Mama Baada ya Kujifungua: Maongezi kwa Wakazi wa Busia na Malaba

Mama anayeuza mboga sokoni Busia, au chai kwa madereva wa malori Malaba, hujifungua salama. Kisha badala ya kufurahi, analia, hapati usingizi, hata mtoto hamtaki. Majirani husema amerogwa. Huo si uchawi, wala si uvivu.

Katika ujauzito, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda sana. Kondo la nyuma likishatoka, hushuka ghafla kwa siku chache. Estrojeni huingia katika seli za ubongo na kuwasha au kuzima jeni kadhaa, zikiwemo zinazohusika na kutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kutuliza hisia. Homoni zikishuka, baadhi ya akina mama huathirika kuliko wengine. Umaskini na ugomvi nyumbani huongeza mzigo.

Machozi ya siku chache ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, mama apelekwe kituo cha afya. Ugonjwa huu hutibika. Akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

Akina baba na mama wakwe, msikilizeni kabla ya kumlaumu.