Ukitozwa ada usiyoielewa kwa gari lako, uliza sheria

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wananchi, Githongo, Imenti ya Kati

 

Nimeombwa nijibu swali moja: je, mwenye gari la mseto, yaani lile la petroli na betri tunaloliita haibridi, anaweza kudaiwa ada ya ziada ya usajili kwa sababu ya aina ya gari lake?

Swali hili lililetwa na kijana wa hapa. Alinunua haibridi ndogo iliyotumika, ya 1,500cc. Alipotaka kuhamisha umiliki, wakala aliyemsaidia akamwambia aongeze shilingi elfu sita "kwa sababu ya betri". Hakupewa risiti. Hakuonyeshwa sheria. Alilipa kwa kuwa alitaka kuanza kazi. Wachumaji chai mlioko hapa mnajua elfu sita hutokaje.

Tuanze na nani ana mamlaka. Usajili wa magari ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA. Ada ya kuhamisha umiliki hufuata ukubwa wa injini. Kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, inashughulikia barabara za kaunti, maegesho na uchukuzi wa umma. Haisajili magari. Mtu akikwambia anakusanya ada ya usajili kwa niaba ya kaunti, jua hakutumwa na sisi.

Pili, Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru au ada ya leseni inayoweza kutozwa ila kwa sheria. Hiyo ndiyo silaha yako. Ada yoyote halali ina kifungu kinachoiruhusu, na anayekudai anapaswa kukuonyesha.

Sasa, sheria yenyewe inaweza kubadilishwa. Mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024. Ulipendekeza ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari, usiopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, ulipwe wakati wa kukata bima. Gari la shilingi 800,000 lingelipiwa 20,000 kila mwaka. Na kwa kuwa haibridi mara nyingi huuzwa ghali kuliko gari la petroli la umri na ukubwa sawa, mwenye haibridi angelipa zaidi, ingawa anachoma mafuta kidogo.

Wananchi, kampuni za bima na wenye magari walipinga. Tarehe 18 Juni 2024, Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa ilitangaza kwamba pendekezo hilo limeondolewa. Siku chache baadaye, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya vijana wetu, Rais alikataa kutia saini Mswada mzima.

Tuwe wakweli pia: hoja ya serikali ina uzito. Barabara zetu hukarabatiwa kwa tozo iliyo ndani ya bei ya mafuta, ambayo tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita. Tuseme gari moja linatumia lita 10 kwa kilomita 100, na haibridi inatumia lita 5. La kwanza limechangia shilingi 250, la pili 125, na yote mawili yamepita barabara ile ile ya kwenda Meru mjini. Kwa sababu kama hiyo, jimbo la Ohio huko Marekani hutoza haibridi dola 100 za ziada kwa mwaka tangu 2020. Siku moja pendekezo kama hilo linaweza kuletwa hapa. Likija, tulijibu kwa hesabu kabla halijawa sheria. Ikiwa haja ni kulinda barabara, kwa nini bei ya gari ndiyo iwe kipimo? Na anayeendesha Jumapili pekee alipe sawa na anayeendesha kila siku?

Kwa hivyo, ukidaiwa ada usiyoielewa, fanya hivi.

Kwanza, omba jina la ada na kifungu cha sheria, kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu.

Pili, lipa kupitia eCitizen pekee na uhifadhi risiti. Pesa ya mkononi haina ushahidi.

Tatu, kama ni ushuru uliokadiriwa na KRA, wasilisha pingamizi ndani ya siku 30 tangu upewe taarifa. Usipokubaliana na uamuzi, kuna Jopo la Rufaa za Ushuru. Siku zikipita, hata mwenye haki hujikuta akiomba huruma.

Nne, ofisi ikinyamaza au ikikunyanyasa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Huhitaji wakili.

Tano, tangazo la ushiriki wa umma likitolewa, liwe la Bunge la Taifa au la Bunge la Kaunti, leta maoni yaliyoandikwa. Nusu ukurasa unatosha: kifungu gani, kinakuumiza vipi, unapendekeza nini badala yake.

Yule kijana tumemsaidia kuandika barua yake. Ilianza kwa sentensi moja: "Naomba kuonyeshwa sheria iliyoruhusu ada hii." Kila mmoja wenu anaweza kuandika hivyo.