Bado Wanamtafuta Mama

Habari ya panadol mmeshaisikia, wasikilizaji. Rais Donald Trump wa Marekani aliihusisha na usonji Jumatatu, tarehe 22 Septemba 2025, akawataka wajawazito waiepuke. Jumatano ya wiki hiyohiyo Shirika la Afya Duniani likasema hakuna ushahidi wa kisayansi unaothibitisha hilo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2024, uliopitia kumbukumbu za watoto karibu milioni mbili na nusu, ulipolinganisha ndugu wa tumbo moja haukuona uhusiano wowote. Mjamzito mwenye homa aende kliniki, asikilize mkunga wake. Hilo tuliache hapo.

Linalotusumbua sisi ni jingine. Wanamtafuta mama tena.

Walimtafuta zamani vilevile. Daktari Leo Kanner aliueleza usonji mwaka 1943, na haukupita muda mrefu lawama ikamwangukia mzazi wa kike: moyo wake ni baridi, hampendi mwanawe. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima kueneza fikra hiyo mwaka 1967, ilhali Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaipinga miaka mitatu kabla. Huku kwetu hakikuhitajika kitabu. Mtoto akitimiza miaka mitatu hajasema neno, anaulizwa mama: ulikula nini? Ulivunja mwiko gani? Sasa ataulizwa alimeza panadol ngapi.

Na huyo anayeulizwa, tazameni anavyoshinda. Ukutani kabandika picha: beseni, uji, viatu. Kila asubuhi anamwonyesha mtoto moja baada ya nyingine, kwa sababu ratiba ikibadilika ghafla mtoto analia mpaka anajigonga kichwa sakafuni. Wakati wa kuoga anagusa na kutaja: kichwa, bega, tumbo. Anagusa, anataja, anasubiri. Uji hampi kikombe kizima. Anamimina kidogo, anachuchumaa mpaka macho yao yawe sawa, anasubiri. Mtoto akinyoosha kidole, akitoa sauti, hata akimvuta mkono tu, anapewa na kusifiwa. Anamimina kidogo tena. Kikombe kimoja cha uji kinakula asubuhi, na kazini anasubiriwa. Mchana anabaki dada wa kazi, naye lazima awe amefundishwa, kwani mama akisema "maji", dada akisema "kunywa", na bibi kwa huruma akampa tu kimyakimya, mtoto hajui ashike lipi. Jioni wanachambua maharage pamoja, vidole vizoee kushika. Mtoto akipanga visoda kwenye mstari, mama hamnyang'anyi. Anaketi sakafuni, anaongeza chake mwishoni, anasubiri aangaliwe.

Hiyo ndiyo tiba, wasikilizaji. Wataalamu wa tiba kazi na wa usemi ni wachache nchini, na wengi wako katika miji mikubwa. Kati ya kliniki na kliniki, mtaalamu ni mama. Wapo watoto ambao neno litakuja, na wapo watakaozungumza kwa picha na ishara, nayo ni mazungumzo kamili. Kisha mama huyohuyo anapanda daladala, honi inapigwa, mtoto anaziba masikio na kupiga kelele, na abiria wanamwambia: mfunze mwanao adabu. Wanamtafuta mama.

Msaada upo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka miwili hadi tisa: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani. Hayahitaji bingwa. Yanatumia kula, kuvaa na kucheza kulekule nyumbani, na majirani zetu wa Kenya, pamoja na Ethiopia, wameyafanyia utafiti. Sisi Tanzania, Januari 2024, tulizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya 137,000. Hawa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza chanjo, choo na chandarua. Kwa nini wasiingie na kwa mama huyu? Wizara ya Afya, wafundisheni! Tumeliomba hili na tutaendelea kuliomba.

Nanyi akina baba, mtoto ni wenu. Chuchumaa wewe kesho na hicho kikombe cha uji. Shangazi, ukifika usianze na maswali. Kaa na mtoto Jumamosi, wifi yako apate kulala. Mwalimu mkuu, usimrudishe mtoto huyu getini. Mchungaji, shehe, msiwaambie waumini kwamba mtoto huyu ana mapepo. Kondakta, mpishe mtoto akae dirishani. Acheni kumtafuta mama, mshikeni mkono! Na wewe mheshimiwa diwani unayetusikiliza, kwenye kikao kijacho cha kata uliza ni wahudumu wangapi wa afya wamefundishwa kuhusu usonji. Ukiambiwa hakuna, uliza wataanza lini, na usitoke kikaoni bila tarehe.